Somo la Taa, Darasa la Sita B

Niliandika ubaoni: TAA.
Wakacheka. Huku Kadutu taa ni ile
inayozimika saa moja usiku bila kuaga
ukabaki unapapasa kiberiti juu ya kabati.
"Huyu ni samaki," nikasema. "Yuko baharini,
mbali, hata mimi sijamwona."
Byamungu akainua mkono: "Sasa umemjuaje, Mwalimu?"
Nikamwonyesha kitabu kisicho na jalada,
panya wameshakula ukurasa hadi kwenye mkia wa mnyama.

Tuanze na mifupa, maana hana.
Mwili mzima umeshikwa na gegedu.
Kama hii, nikawaambia, shikeni masikio.
Watoto hamsini na watatu wakashika masikio
kimya, kama waliokosa.

Upana: mita saba, akiwa amekomaa.
Tukapima kwa kamba ya kufungia mkaa.
Chumba chetu ni mita sita kasoro,
ikabidi bawa moja litoke dirishani.
Nsimire akalipokea huko nje, matopeni,
akapiga kelele, "Nimelifikisha!"
na mama jirani akatoka na mwiko mkononi
akauliza ni kiwanja cha nani tunachopima.

Mnyama wa ukubwa huo anakula nini?
Mtu, wakasema. Ng'ombe aliyezama.
Anakula vumbi la maji,
vijidudu vinavyoelea, ambavyo jicho halivioni.
Mapezi mawili ya kichwani anayakunjua
kama mtu anayekinga mvua ya bati kwa viganja,
kinywa wazi, anabiringika kinyumenyume,
tena, na tena, pale mchuzi ulipo mzito.
"Sambaza pia," akasema Byamungu. Baba yake ni mvuvi.
Naam, sambaza pia. Wa Kivu yetu, wa urefu wa kidole.
Tumbo la mita na tumbo la punje,
sinia ni la namna moja.

Mgongo mweusi. Tumbo jeupe lenye madoa,
na hakuna wawili wenye madoa sawa.
Hana kadi ya mpiga kura.
Ukitaka kumjua ni nani
sharti upite chini yake, uangalie juu.

Mimba ni mwaka mzima na siku za nyongeza.
Huzaa mmoja, mabawa yamekunjwa
kama kitenge ambacho hakijatoka sandukuni.
Mtoto anajikunjua, anakwenda.
Mama hanyonyeshi, hafundishi, hamngoji.
Hapo darasa likanyamaza
nikaruka mstari mmoja wa kitabu.

Mugoli, wa dawati la nyuma, ambaye haulizi:
"Analala saa ngapi?"
Nikasoma polepole. Akisimama,
maji hayapiti kwenye matamvua,
na maji yasipopita hakuna pumzi.
Kwa hiyo hasimami.
"Kama mama," akasema, akarudi kwenye daftari.
Sikumwuliza kitu. Ninaujua mkanda ule
wa paji la uso, gunia la unga mgongoni,
toka ufukoni kupanda hadi sokoni,
na jinsi anayebeba asivyojibu salamu
kwa kuwa salamu nayo ina uzito wake.

Usiku umeme umekatika. Nasahihisha kwa mshumaa.
Mlangoni kwangu ziwa linaonekana kipande,
kati ya paa mbili.
Wavuvi wameshatoka, mitumbwi mitatu mitatu
imeshonwa kwa miti mirefu, karabai zinawaka,
na huko chini sambaza wanaifuata nuru
wakidhani ni chakula, au mwezi, sijui wanadhani nini.
Nahesabu: taa kumi na moja. Kumi na mbili.
Moja inasogea kuelekea Idjwi, peke yake.

Swali la nne: Taa anaishi wapi?
Wengi wameandika bahari, vizuri.
Nsimire ameandika:
Anaishi kwetu Sita B, bawa moja liko nje.
Kalamu nyekundu ninayo mkononi
na nta ya mshumaa imefika kwenye kisosi.