Namba Arobaini na Moja

Shule ilipofungwa waliondoka na matranka kichwani,
godoro limekunjwa kama chapati kwapani,
ikabaki Newala, ukungu, na mimi
patroni wa Bweni la Rovuma, vitanda arobaini na sita,
na ukuta wa bwalo ulioandikwa SEMA KWELI
ambao K yake ilibanduka mvua za mwaka juzi.
Wavulana wakausoma vile vile ulivyo,
wakawa wanaapa nao:
Weli, mwalimu, sikutoroka.
Weli, maharage yana wadudu.
(Nayo yalikuwa nao.)

Siku ya nne, saa moja kasoro robo,
nilijikuta uwanjani na daftari la mahudhurio
naita majina mbele ya kunguru.
Mlinzi Chitanda akaniuliza kama nina homa.

Usiku ule nikatuma ujumbe kwa simu za wazazi:
Kila jioni, saa ile ile ya kuhesabiwa,
kila mmoja atume namba yake ya kitanda.
Namba tu. Asiye na vocha abipu.
Mwiko ni ule ule wa bwenini:
hakuna kumwitikia mwenzako.

Zikaanza kudondoka.
Tatu, kutoka Liwale.
Ishirini na tisa, Tandahimba, juu ya kichuguu
maana chini yake mtandao haushiki.
Kumi na mbili anaazima simu ya shangazi muuza vitumbua,
kwa hiyo namba yake huja na "karibu tena mteja".

Nami nikawa narudisha swali.
Siku nyingine hesabu, siku nyingine historia,
na jioni moja, sijui nilisukumwa na nini:
Leo nani kachota maji hapo nyumbani?

Simu ikanyamaza kama darasa lililovunja kioo.
Kisha: Dada. Mama. Dada.
Dada. Dada na ndoo mbili.
Sikuhubiri. Kesho yake nikauliza lile lile.
Na kesho kutwa.
Siku ya kumi, namba nane akaandika:
Mimi. Kumbe kisima kiko mbali.

Lakini arobaini na moja hakuja.
Ausi Liponda, mwenye kucheka kabla ya kichekesho.
Siku tisa nikaacha kiboksi chake wazi,
sikuweka mkasi wa utoro,
penseli ilikataa.

Siku ya kumi ikaja: 17.
Na papo hapo, simu ile ile: 41.

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto.
Nikapiga. Nikasema, Nangumbi, mwiko unaujua.
Akasema, naujua.
Nikasema, basi umemwitikia mwenzako.
Kimya. Upepo. Kitu kama majani makavu yakipukutishwa.
Akasema, hapana, mwalimu. Nimemfuata.
Nimetoka Kitangari alfajiri, kwa miguu.
Simu yao iliuzwa, bibi yake alilazwa,
yeye yuko kwenye ufuta wa watu, anakata kwa kibarua,
anasema shule ikifunguliwa isimsubiri.
Weli, mwalimu.

Weli.
Miaka miwili nimewachapia neno hilo.

Mpe simu, nikasema.
Nikasikia ikifutwa vumbi kwenye shati,
nikasikia pumzi ya mtu anayetafuta sauti yake ya zamani
na kuikuta imepasuka, imekuwa nzito,
sauti ya mwanamume nisiyemjua bado.

Nipo, akasema.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia.
Nikamuuliza bibi anaendeleaje.
Salio likakatika kabla hajamaliza.

Jioni iliyofuata namba zikaja arobaini na sita,
nyingine zikiwa na kiasi kidogo mbele yake,
mia tano, elfu moja, elfu moja mia mbili,
"kwa ajili ya simu ya 41, usimwambie".
Thelathini, asiye na kitu, alibipu mara mbili.
Nikaziandika zote.

Rangi ya kuandikia ile K ipo stoo, kopo zima.
Sijalifungua.