Swali la Nne

Nilipewa kazi ya tovuti, nikaikubali kwa ajili ya kodi ya nyumba:
wakazi wajipime hewa ukaa,
kila mmoja auone unyayo wake,
aupunguze.
Mji wenyewe unaitwa Moshi.
Nilicheka peke yangu, nikaanza kuchora.

Nilichora mguu wa kijani, vidole vitano,
kila kidole kinajaa rangi kadiri unavyojibu:
unapikia nini, unasafiri na nini, taka zako zinaishia wapi.
Ukizidisha, mguu unaiva, unakuwa mwekundu.
Niliupenda mguu ule. Niliulaza, nikauinua,
nikaupunguza kisigino
mpaka LUKU ikaanza kulia.

Asubuhi nikaupeleka Kiborloni, ndani ya simu,
kwa Bi Ndeonasia muuza mtori,
anayenidai bakuli nne tangu Jumatatu.
Mama, nikamwambia, nijaribie hiki kitu.
"Kaa," akasema.
Mimi nikatazama jikoni, nikidhani ni kaa la moto;
kumbe ananionyesha benchi.

Akafuta vidole kwenye khanga.
Swali la kwanza: unapikia nini? Akagusa mkaa.
La pili: kilo ngapi kwa wiki?
"Mimi napima kwa sado," akasema,
"na sado la yule mangi wa kona limebonyezwa kitako,
tumbo limeingia ndani. Andika na hilo."
Hapakuwa na pa kuandika hilo.
La tatu: gari lako linatumia petroli au dizeli?
Alinitazama kama anavyotazama chenji pungufu.
La nne: kwa mwaka unapanda ndege mara ngapi?

Hapo mwiko ukasimama.

"Ndege nazisikia tu. Zikipita nyingi
najua Kundaeli atapata safari."
Kundaeli ni mwanawe wa pili, mpagazi.
Msimu ukichanganya hupandisha mtungi wa gesi mlimani,
mzigo mabegani, pua inavuja,
wageni wanywe chai ya moto juu ya mawingu,
maana kule kukata kuni ni marufuku.
"Gesi imefika Barafu," alisema, "kwangu bado haijafika."
Akakoroga.
"Sasa hiyo ndege niiandike kwangu au kwao?
Na huyu anayewafuata kwa miguu,
unyayo wake utauweka kidole gani?"

Nikasema nitauliza ofisini.

Kisha nikaona kapu kando ya jiko,
limejazwa majani makavu ya mgomba na sweta kuukuu la shule,
katikati sufuria ya maharage imefunikwa gubigubi.
Yameloweka tangu jana, yamechemka mara moja,
yanajimalizia yenyewe bila moto.
Nikamuuliza nani kamfundisha.
"Mkaa umepanda bei," akajibu,
na hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote.

Mguu ukamaliza kuhesabu. Mwekundu.
"Nimefeli," akasema, akanirudishia simu
pamoja na bakuli la tano,
nyama mbili, ndizi imelainika sawasawa.
Nilikunywa lote.

Usiku nimeongeza sado kwenye vipimo,
lenye tumbo na lisilo na tumbo.
Swali la nne nimelifuta, nimelirudisha, nimelifuta,
nimeliandika hivi:
nani amepanda ndege kuja kwako, na umembebea nini?
Najua watalikataa.

Halafu, kwa kuwa sikuwahi, nikajipima mwenyewe.
Gari: sina. Ndege: sifuri. Mkaa: sinunui, sina jiko.
Kidole kwa kidole mguu ukajaa,
kijani kibichi, kijani cha hongera,
na chini yake maneno niliyoyatunga mimi:
Wewe ni mfano kwa jirani zako.

Bakuli tano.
Kwenye daftari lake, jina langu lina vijiti vitano
vilivyochorwa kwa kipande cha mkaa.