Alama ya Sikio

Sikio la kushoto, ncha imekatwa, na pengo moja kwa nyuma:
ndiyo alama ya nyumba yetu tangu babu wa babu,
imeandikwa kwenye daftari la kijiji, hapa Faroe,
visiwa ambako kondoo ni wengi kuliko watu.

Kiangazi kile tuliwateremsha kutoka mlimani, ukungu umetanda,
na ndani ya zizi la mawe jike wangu mwenye baka jeusi
aliita mara moja tu.
Akachomoka mwanakondoo mwenye alama ya Tummas,
kidonda bado kibichi,
akapiga magoti chini ya tumbo la mama yake, akanyonya.
Watu wote waliona. Tummas naye aliona.
Akasema, "Kondoo nao hukosea."

Kumi na mmoja. Nilihesabu baadaye.

Wazee wa kusanyiko walimwendea, mmoja, kisha wawili,
kisha sote, kama ilivyoandikwa.
Alitupikia kahawa. Neno hakulitoa.
Tangu hapo hukaa benchi la nyuma, karibu na makoti yaliyolowa,
na mkate ukipita mkono kwa mkono
hugeuka kabla ya kumfikia.

Mimi nimemsamehe. Msinipongeze.
Nilimsamehe nikichimba viazi,
nikaghadhibika nikiviosha,
nikamsamehe tena vilipochemka,
na usiku nikaamka nikihesabu: kumi na mmoja.

Mzee Hanus aliniuliza, "Sunneva, ikiwa umesamehe,
mbona hutuombi tumrudishe mezani?"
Nikamwambia: deni nimelifuta,
sikusema halikuwapo.
Kusamehe naweza peke yangu, jikoni, mlango nimefunga.
Ushirika ni kamba, una ncha mbili,
na ile ya pili sijaona aliyeishika.
Hanus akatazama kofia yake. Sijui kama nilijibu vema.
Najua Bwana alikula na watu
kabla hawajasema lolote.
Najua pia kuna waliosema.

Januari dhoruba ikang'oa mbao za banda lake,
lile la kukaushia nyama kwa upepo.
Nilikwenda na nyundo, misumari mfukoni.
Sikuitwa. Alinishikia ngazi.
Tulipigilia mpaka vidole vikafa ganzi, tukizungumza
habari za bei ya sufu, na goti lake.

Ndani, mapaja ya kondoo yalining'inia, meusi, yamekauka.
Nikayatazama moja moja.
Nyama haina masikio.

Akachomoa kisu kiunoni,
kisu ninachokijua,
akakata kipande chembamba, akaninyoshea kwenye ncha.
Mkono wake ulitetemeka; huenda ni baridi.
Upepo ulipita katikati ya mbao, ukatupita na sisi.

Nikala.
Alifungua kinywa, akakifunga.
Nikasubiri.
Sikumsaidia kusema.