Uzi Wenye Mafundo Mawili

Nimeingia dukani na uzi,
uzi wa kushonea magunia, una mafundo mawili:
fundo la kwanza ni ukingo wa dirisha,
fundo la pili ni picha yetu ya harusi
ambayo Kashindye kaapa haihami
hata ije televisheni ya ikulu.

Hilali, kijana wa duka, kacheka.
"Mama, inchi haipimwi hivyo.
Inchi inakatiza:
kona ya chini huku, kona ya juu kule."
Maisha yangu yote nimepima kwa upana,
mkeka, kitanda, jeneza la baba,
leo naambiwa kuna kitu cha kupimwa mshazari
kama mwenye deni anavyokatiza sokoni.

Ukutani zimewaka kumi na nne,
samaki wale wale, maji yale yale,
rangi ambazo hata mwenye homa hazioni.
Dukani kila kitu kizuri.
Hata nyanya, fungu la juu huwa zuri.

Nikamwambia: toa samaki.
Niwekee taarifa ya habari.
Niwekee mtu mweusi kama mimi, anaongea,
nione kama uso wake una uso
au una giza lenye meno.

Halafu nikakaa chini.
Sakafuni, kwenye vigae, kushoto, karibu na ukuta.
Hilali kaja mbio na stuli.
Stuli ya nini? Mama mkwe hakalii stuli.
Bi Nyamizi anakaa hapa, juu ya mkeka,
magoti yake yamekataa viti tangu mwaka wa njaa,
na jicho moja lina ukungu.
Wande hulala kifudifudi na daftari, huku.
Mlekwa husimama, rimoti mkononi kama rungu la sungusungu.
Kashindye yuko mlangoni,
sikio moja kwenye habari, jingine kwenye honi ya treni.
Mimi niko kwenye kizingiti cha jiko, na mwiko.
Kwetu hakuna anayekaa katikati,
na hizi zote, kijana, mmezitengeneza kwa mtu wa katikati.

Ya bei rahisi, kutokea sakafuni,
mtangazaji akageuka majivu.
Ile kubwa, inchi hamsini,
ilinivunja shingo kabla sijauliza bei.
Wateja wakanizunguka, mmoja kauliza kama nimeanguka.
Ya tatu kutoka mlangoni,
jina lake sikuwahi kulisikia,
ilibaki na mtu wake mzima, masikio yote mawili.

"Hiyo haina intaneti, mama."
Mwanangu, Luku yenyewe tunaila kama chumvi.

Nikaulaza uzi mshazari: ukapungua vidole vinne.
Nikaulaza kwa upana: ukazidi kidole gumba.
Basi. Ukuta wangu hauna mshazari.
Nikafungua pindo la kanga,
madebe kumi na moja ya asali ya Sikonge
yakahesabiwa mara mbili, noti kwa noti,
na bado zilinata.

Ile ya chogo kaichukua fundi Maganga, vipuri.
Miaka kumi na mitatu juu ya mgongo wake
tuliweka kitambaa cha kufuma, kadi za kliniki,
risiti za tumbaku ya marehemu shemeji.
Sasa kadi ziko mezani, hazijui pa kwenda.
Na paka, saa mbili usiku,
alirukia joto lake la siku zote
akakuta televisheni haina nyuma.
Mlekwa kacheka hadi kaangusha rimoti.

Bi Nyamizi hakucheka.
Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa jicho zima.
"Kumbe huyu kijana wa habari
ana kovu juu ya nyusi," akasema.
"Miaka yote hii ananiamkia,
sijamuuliza alipata wapi."