Limewaka

Nilidhani ni migomba tu iliyoangukiana
nyuma ya banda la kahawa.
Nilipofyeka kwa panga, taa moja ikanitazama.
Ya pili waliing'oa wezi, au baba alimpa mtu;
baba hakuweza kumnyima mtu kitu, hata jicho.

Landrova, umri wangu.
Kuku walikuwa wametaga chini ya usukani
na mche wa mparachichi ulishatoboa sakafu
ukasimama upande wa abiria, mnyoofu,
kama mtu aliyeahidiwa lifti.

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono.
"Wape wa chuma chakavu. Wanapita Jumanne."
Sikujibu. Nikateremka Moshi mjini kununua msasa.

*

Fundi Mshana hupanda Kibosho kila Jumamosi,
pikipiki yake imetangulia kusikika.
Aligonga bodi kwa kifundo cha kidole:
"Alumini hii. Haijui kutu. Usidanganywe na uso."
Akalala chali juu ya gunia, akachomeka bisibisi
kwenye chasisi, ikazama hadi mpini
kama kisu ndani ya ndizi mbivu.
"Ugonjwa uko huku. Mifupani."

Basi tukaanza mifupani.
Tulikata, tukachomelea; umeme ulipokatika
tulikaa gizani tukinusa chuma kilichoungua.
Nati zilizogoma tulizinywesha dizeli usiku kucha,
asubuhi tukazibembeleza. Moja ilivunjika;
Mshana akaitukana kwa Kipare, kisha akaiomba radhi.
Vidole vyangu vilivyozoea chaki
vikashika weusi usiojali sabuni wala ndimu.
Jumapili, kwenye komunyo, padri aliitazama mikono yangu,
akaamua kuniwekea hostia ulimini.

Pale bomba linapoingia kwenye redieta
nilikuta kipande cha mpira wa baiskeli
kimefungwa kwa waya, mizunguko saba,
ncha imekunjwa ndani isimchane mtu.
Mkono wa baba huo.
Nitalifunga vizuri kesho, alikuwa akisema.
Mshana alileta klampu mpya, inang'aa.
Niliipokea, nikaitia mfukoni.

*

Usiku mmoja mama alileta chai.
Akasimama mlangoni pa banda, hakuvuka.
"Unajua lilichobeba hilo?"
Nikazima tochi nisimtazame usoni.
"Wenye uchungu. Wawili walijifungulia humo
kabla hatujafika daraja la Karanga.
Na maiti, kutoka mjini kurudi kihambani,
sanduku limetokeza nyuma, mimi nimelikumbatia lisiteleze.
Hodi saa saba. Hodi saa tisa.
Mimi sikulala na mume, mwanangu. Nililala na hodi.
Lilipokufa nilitoa misa ya shukrani."

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi.
Niliinywa yote.

*

Liliwaka mwezi wa nne, mvua ikiwa imepumzika.
Mshana alizungusha hendeli: kikohozi.
Akazungusha tena: kimya, na tusi dogo.
Mara ya tatu banda likajaa moshi mweusi,
kuku wakapanda paa,
na mngurumo ukashuka korongoni, ukavuka mto,
ukapanda ng'ambo kwa watu nisiowajua.
Mshana alicheka hadi akakaa chini.
Jikoni, mama aliendelea kuchambua maharage.
Nilimwona kupitia dirisha: alichambua sahani ileile mara mbili.

Saa nane usiku mvua ilirudi.
Na tochi getini. Na sauti ya kijana:
"Hodi! Mwalimu, samahani. Ni dada.
Tumesikia limewaka."

Nilipotoka natafuta ufunguo,
mama alikuwa ukumbini, buti miguuni,
mablanketi mawili kwapani, kama mtu
aliyelala amevaa miaka kumi na tisa.
"Mama, taa ni moja."
"Imekuwa moja tangu lini? Washa."

Akapanda mbele, bila kushikwa mkono,
akakaa pale palipoota mparachichi,
akafuta kioo kwa ncha ya kitenge.
"Ukifika kwenye kona ya mtoni, gia ya pili.
Na usiongee na mimi. Naogopa."