Wiki ya Saba

Mimi ndiye karani wa dirisha namba nne,
jengo la utawala, ghorofa ya kwanza, Ngara.
Watu huniona kuanzia kifuani kwenda juu;
hawajui kwamba chini ya meza nimevua viatu,
wala kwamba jua la alasiri, kupitia dirisha la nyuma,
hunichoma kisogo tangu saa nane.

Jedwali limebandikwa kwenye kioo, gundi imegeuka manjano:
wiki ya kwanza, hurejeshwa asilimia tisini;
ya pili na ya tatu, sitini;
ya nne hadi ya sita, thelathini;
kuanzia ya saba
aliyechapa aliweka kistari.
Hata sufuri hakuiandika.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Sisi hapa tunayazoa,
kwa kijiko, kwa asilimia,
mradi uje kabla sakafu haijakauka.

Mama Wakesho alikuja Jumanne, vuli ikianza,
maua ya mjakaranda yamegandama kwenye raba zake.
Huuza mapazia ya mitumba Gikomba.
Kabla hajanisalimu alilipima kwa jicho lile dirisha la nyuma,
kisha akapenyeza bahasha:
fomu ya kuacha masomo, ya mwanawe Mwadime,
usanifu majengo, mwaka wa pili.
Penye "Sababu" pana mstari mmoja.
Alikuwa ameandika: *Haamki.*
Akakata, akaandika juu yake: *Mgonjwa.*

Mwadime alionekana darasani mara ya mwisho wiki ya tano.
Hilo halibishaniwi.
Ila mkuu wa idara alikuwa safarini Eldoret,
na sahihi yake ina tarehe ya jana,
Jumatatu, wiki ya saba.
"Ijumaa ingetosha," nikamwambia,
kana kwamba Ijumaa ni kitu ninachoweza kumuuzia.

"Na bima? Kila muhula mnatukata mia tisa na hamsini."
Nikautoa mkataba, ukurasa wa kumi na moja,
nikamsomea polepole:
bima hufidia karo ya mwanafunzi
aliyelazwa hospitalini si chini ya siku saba mfululizo
kwa maradhi au ajali ya mwili.
"Ya mwili," akarudia.
"Na kichwa, kwani kimebebwa na nini?"

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya;
karatasi za shashi ziko droo ya pili.
Alihesabu tu, kwa vidole, kama mtu anayepanga pindo:
za chama, elfu ishirini.
Mkopo wa simu, unaoita kila asubuhi.
Cherehani.
"Niliyemuuzia cherehani hana jedwali," akasema.
"Nilimuuliza."

Mkono wangu ulikuwa juu ya muhuri.
Ni wa zamani, wenye vigurudumu vya mpira:
siku, mwezi, mwaka.
Miaka kumi na minne nimevisukuma mbele tu.
Ukivisukuma nyuma kwa ukucha
Ijumaa inarudi,
asilimia mia, haikatwi ada.

Nilichofanya sikisemi.
Mkaguzi wa hesabu naye huenda husoma mashairi.

Alirudi Februari, siku tisini za kazi zikiwa zimetimia.
Akasaini kitabu cha hundi, akahesabu sufuri mara mbili,
akaikunja akaitia kwenye leso.
"Mwadime?" nikauliza, maana fomu haina mahali pa kuuliza.
"Anaamka. Saa sita mchana, lakini anaamka."
Halafu akapitisha kifurushi chini ya kioo,
kikakwama, tukavutana nacho, yeye akisukuma.

Pazia la kijani, lina doa dogo pembeni.
Nililitundika watu wakishaondoka.
Lilitosha, inchi kwa inchi.
Kanuni zinatukataza zawadi ya zaidi ya shilingi mia tano.
Mtumba wa aina hii, nilijiambia,
kisogo kikiwa kimepoa,
ni mia nne na hamsini.