Kisu cha Maji

Kwa saa nzima na nusu hakukuwa na kitu.
Mabua ya ngano, mbingu,
ghala moja la bati, tena mabua,
na Kadzo akisinzia, mguu juu ya dashibodi,
soksi ina tundu kwenye kidole gumba.
Nikasema, huku kuna nini cha kutazama?
Nchi imenyooshwa kama shuka la hospitali.

Kisha kibao, uwanja wa changarawe, magari sita.
Tukavaa buti zetu za kazi, hatuna nyingine.
Upepo ukatupiga kofi la kwanza.
Hatua thelathini, uzio wa mbao,
na ardhi, bila hodi, ikakatika.

Chini kabisa kijivu, juu yake kahawia,
mstari wa makaa, mwembamba kama wanja,
kahawia tena, kijivu tena,
na juu kabisa nyasi, kama ngozi isiyochunwa.
Kadzo akacheka: "Shoga, kidari hiki!"
Mafuta, mnofu, mafuta, mnofu.

Miaka minne tumesimama kwenye mkanda ule,
Brooks, zamu ya pili, glavu za chuma,
ng'ombe wakija wamening'inia nusu nusu
nasi tukiwasoma kwa ncha ya kisu:
hapa fuata utando, hapa acha, hapa ndipo mfupa.
Mkono wangu wa kulia asubuhi haufungi kifungo
mpaka niuloweke kwenye maji moto.
Nikautazama mkono. Nikalitazama korongo.

Kibao kilisema ni maji.
Maji tu, na barafu iliyoyeyuka, na muda,
wala hapakuwa na msimamizi mwenye saa
wa kupiga kelele kwamba mkanda haungoji.
Maji yalikata, yakapumzika,
yakakata tena mvua iliponyesha,
jiwe gumu yakalizunguka.
Na mifupa mle ndani, ya mijusi wakubwa kuliko nyumba,
haikutupwa kwenye pipa la bluu.
Ardhi iliifunika, ikaigeuza jiwe,
na leo watu hulipa kiingilio mjini
kuiona imesimamishwa kwa waya.

Bwana mmoja na mkewe, kofia zao pacha,
wakajitolea kutupiga picha.
"Mmetoka wapi?" mke akauliza, kwa upole.
Nilikwisha kuvuta pumzi ya ile hadithi ndefu.
Kadzo akawahi: "Brooks."
"Aa," akasema, "kwenye upepo."
"Kwenye upepo," tukajibu, yakaisha.

Tukateremka nusu ya njia, si zaidi.
Mvua ya usiku ilikuwa bado mle udongoni,
na udongo ule ni uji, ni sabuni.
Kadzo akateleza, akakaa kitako,
akabaki pale pale, hakutaka mkono wangu.
Akachota tonge la udongo, akaliminya,
likatoka katikati ya vidole.
"Huu," akasema, "ningekandikia ukuta."
Sikumuuliza ukuta gani.
Ile nyumba ya Ganze haijaezekwa,
na pesa za mabati alizila kaka yake
akaleta picha za mabati ya jirani.

Saa kumi tukageuza gari.
Nyuma yetu ngano ikafunga mlango:
ukitazama kwenye kioo, hakuna korongo,
hapajawahi kuwa na korongo.
Kadzo alilala tena. Nilizima redio
nikaendesha kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu, kwenye bomba la kusafishia buti,
udongo ulikataa kutoka kwenye soli.
Nikasugua kwa brashi, nikasugua,
maji yakipita kijivu, kijivu, kijivu.
King'ora kikalia. Nikauacha uliobaki,
nikaingia nao ndani,
na ng'ombe wa kwanza alikuwa amekwisha fika.